Askari Mwanafunzi na Daftari Lake

TULIKUWA Rumonge kwa shughuli za kikazi, katika mji ule ulio kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kusini ya Bujumbura, askari mmoja kijana alipotujia jioni akiwa ameshika karatasi. Alipiga saluti, akaomba ruhusa ya kusema, kisha akatuuliza jambo ambalo hatukupata kuulizwa na askari wa cheo chake tangu tuanze kazi hii. "Afande, nataka kuomba ruhusa ya kwenda chuo kikuu. Wenzangu wananiambia nisome sheria au utawala. Mimi nataka kusoma anthropolojia ya jamii. Je, wakubwa watanielewa?"

Tulicheka. Leo twakiri kwamba kicheko kile hakikuwa cha haki, maana sisi wenyewe, tuliopita shule ya maofisa na kufundishwa ramani, silaha, sheria za vita na namna ya kuandika taarifa, hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimwambia angoje. Makala hii ndiyo jibu letu, na tunaliandika hadharani kwa kuwa twaamini wako askari na polisi wengi wenye swali kama lake wasiothubutu kuliuliza.

Kwanza tuieleze elimu yenyewe, maana jina lake ni gumu kuliko mambo yake. Anthropolojia ya jamii huchunguza jinsi binadamu wanavyoishi pamoja: nani huitwa ndugu na nani huitwa mgeni, mali hurithiwaje, ugomvi huamuliwaje, mahari hulipwa kwa sababu gani, watu huogopa nini na huapa kwa nini. Sosholojia nayo huyagusa mambo hayo, lakini njia hazifanani sana. Mwanaanthropolojia hatumi karatasi ya maswali akakaa ofisini kungoja majibu. Huenda akakaa na watu, akajifunza lugha yao, akala chakula chao, na kila usiku akaandika aliyoyaona mchana. Desturi hiyo ilipata nguvu kutokana na Bronislaw Malinowski, Mpolandi aliyefanya utafiti katika Visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, kati ya mwaka 1915 na 1918.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapelekwi kisiwani kwa miaka miwili, la. Husoma kwanza ukoo na ndoa, uchumi wa vijijini, dini, siasa, sheria za jadi na njia za utafiti, na aghalabu mwishoni hupewa majuma kadhaa ya kwenda kwa watu na kuandika tasnifu fupi. Muda wake ni miaka mitatu au minne, kadiri ya chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sosholojia na Anthropolojia. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho hutoa shahada ya kwanza ya anthropolojia. Kwa hiyo kijana wa Rumonge hana haja ya kuvuka bahari.

Lakini atapata nini huko ambacho hakipatikani katika mafunzo ya jeshi wala ya polisi? Tutoe mfano wa karibu.

Kati ya mwaka 1955 na 1957 mwanamke Mmarekani, Ethel Albert, alifanya utafiti Burundi, na mojawapo ya mambo aliyoyachunguza ni jinsi Warundi wanavyosema. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1964 alieleza kwamba barazani mkubwa husema kwanza. Anayemfuata kwa cheo au kwa umri huanza kwa kukubali: mzee amesema kweli, mzee ni mkubwa wetu naye anajua zaidi. Halafu, polepole, hutoa rai yake mwenyewe, nayo yaweza kuwa kinyume kabisa cha ile ya kwanza, na hakuna anayeona kwamba mkubwa amevunjiwa heshima. Alieleza pia jinsi mkulima anavyojua kujifanya mzito wa ulimi mbele ya mwenye mamlaka, kumbe nyumbani kwake ni msemaji hodari.

Sasa tufikiri, ndugu askari, ni mara ngapi tumesimama mbele ya wazee tukiwa na bunduki begani, tukauliza swali, tukajibiwa "ndiyo", tukaandika katika kitabu: wananchi wameafiki. Sisi tumefanya hivyo. Mwaka mmoja tulitumwa kwenye kijiji cha kando ya ziwa kueleza agizo la kuzuia uvuvi wa usiku kwa majuma mawili. Tulisema sisi kwanza, kwa kuwa ndio tuliokuwa wakubwa pale. Mzee mmoja akasimama, akatushukuru, akasema kwamba maneno yetu ni ya kweli. Tulifunga mkutano hapohapo kwa furaha, tukapanda gari. Ni baadaye sana tulipofahamu kwamba mzee yule alikuwa hajafika hata nusu ya hotuba yake.

Na nusu ile tuliyoikimbia ndiyo iliyokuwa na maana. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, na taa hufaa gizani. Mwezi unapokuwa mpevu huanika nyavu, hutengeneza mitumbwi, hupumzika. Agizo la majuma mawili laweza kuwa si kitu, au laweza kuwa njaa, kwa kutegemea limeangukia wapi katika mwezi. Kalenda iliyotundikwa ofisini kwetu ilikuwa na sikukuu zote za taifa, lakini haikuwa na mbalamwezi.

Hata hivyo jambo zito la mwambao huu si samaki. Ni ardhi.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walianzisha mashambulizi sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac, wakawaua Watutsi wengi, pamoja na Wahutu waliokataa kujiunga nao. Jeshi la wakati ule lilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Makadirio ya kawaida ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kuendelea, wengi wao wakiwa Wahutu, na hasa waliokuwa wamesoma. Hatuandiki maneno haya kwa wepesi, kwa kuwa nasi tunavaa sare. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, ambako makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalifunguliwa kwa ajili yao katika miaka hiyo ya 1970. Huku nyuma mashamba yao, pamoja na michikichi iliyoupa mji wa Rumonge sifa yake, yalishikwa na wengine: wako waliojitwalia, wako waliopewa na serikali, na wako walionunua kwa nia njema kutoka kwa aliyepewa.

Miaka 30 ikapita. Mkataba wa Arusha ulipokwisha kutiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na vita vilipotulia, watu walianza kurudi kwa wingi, wengine wakiwa wamezaliwa ugenini, wakikisema Kiswahili kwa urahisi kuliko Kirundi. Walikuta nyumba za watu juu ya mashamba ya baba zao. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, mwanzoni ilielekea kuwagawia shamba moja wote wawili, aliyerudi na aliyelikalia. Baada ya mwaka 2011 ikaelekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Kila njia ilizaa manung'uniko yake, na kila mara polisi ndio waliosimama katikati, karatasi ya uamuzi mkononi, watu wakilia upande wa kulia na upande wa kushoto.

Kirundi kina neno "itongo", na neno hilo halipimwi kwa hatua. Ni ardhi ya ukoo. Ndiyo inayomwambia mtu yeye ni mtoto wa nani na jirani wa nani. Aliyepewa fidia ya shamba jingine lenye rutuba ileile bado huona amenyang'anywa kitu. Na yule aliyelikalia miaka 30, akazaa watoto pale na kuzika wazazi pale, naye amepata itongo. Sheria humtafuta mwenye haki mmoja, na hiyo ndiyo kazi yake. Mwanafunzi wa anthropolojia hufundishwa kuuliza swali la nyuma zaidi: nani alimkaribisha nani hapa? Maana si kila aliyelima alikuwa mwenye shamba. Wako walioishi katika ubugererwa, yaani kulima ardhi ya mwingine kwa kumtumikia na kumpa zawadi, utaratibu uliofutwa na serikali mwaka 1977. Anayedai leo yawezekana ni mjukuu wa mwenyeji, na yawezekana ni mjukuu wa aliyekaribishwa, na wote wawili husema bila uongo wowote kwamba hapa ni kwa babu. Askari asiyejua kwamba swali hilo lipo atamwona mmoja wao kuwa mlaghai.

Kuna jingine. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi wa Kirundi Tanzania ya magharibi katikati ya miaka ya 1980, akatoa kitabu chake mwaka 1995. Alikuta jambo ambalo kila ofisa wa usalama wa mwambao huu angepaswa kulijua. Katika makazi ya Mishamo, watu waliokaa wenyewe kwa wenyewe walikuwa wameshika historia moja kali ya kabila lao na mateso yake, wakiisimulia karibu kwa namna moja. Mjini Kigoma, watu waliotoka nchi ileile kwa sababu ileile walikuwa wametawanyika mitaani, wakioa, wakichuuza, wala hawakupenda kuitwa wakimbizi au kubeba jina moja tu. Asili yao ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mahali walipokaa na jinsi walivyokaa. Basi aliyerudi Rumonge kutoka Mishamo na aliyerudi kutoka Kigoma hawakurudi na mzigo mmoja, ijapokuwa katika orodha zetu wote wawili waliandikwa neno lilelile.

Haya si ya Rumonge peke yake. Askari wa Burundi walifika Mogadishu Desemba 2007 katika jeshi la Umoja wa Afrika, wakatumika Somalia kwa zamu hadi mwisho wa mwaka 2024. Tangu mwaka 1961 Mwingereza I. M. Lewis alikwisha kueleza, katika kitabu chake juu ya Wasomali wa kaskazini, kwamba diya, yaani fidia ya damu, hailipwi na mtu kwa mtu, bali na kundi la jamaa kwa kundi la jamaa, kwa mapatano yanayojulikana. Dereva wa lori la jeshi akimgonga mtoto, hajaigonga nyumba moja. Ofisa anayelijua hilo atawatafuta wazee. Asiyelijua atampa mama mkono wa pole na noti chache, kisha atashangaa kwa nini njia ile imekuwa ya hatari.

Kijana wetu aliuliza kama wakubwa watamwelewa. Tuwakumbushe wakubwa habari za mkubwa mmoja. Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, akapata shahada ambayo kwa desturi ya Uskoti huitwa ya uzamili ingawa kwa kweli ni ya kwanza. Na miongoni mwa masomo yake ilikuwamo anthropolojia ya jamii. Hatusemi kwamba somo hilo ndilo lililomfanya awe alivyokuwa. Lakini huyo ndiye aliyekuja, akiwa mzee mstaafu, kuwa msuluhishi wa Warundi, akayaongoza mazungumzo ya Arusha yaliyoanza mwaka 1998 mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akayapokea. Mkataba uliotoka humo ndio ulioweka sharti kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmelala bweni moja na mtu ambaye zamani mngekutana naye porini tu, kwa sababu ya sharti hilo.

Si halali, hata hivyo, kuisifu elimu hii na kuficha aibu yake. Ilikua chini ya mwavuli wa ukoloni. C. G. Seligman aliandika mwaka 1930 kwamba ustaarabu wa Afrika uliletwa na watu aliowaita Wahamiti, wafugaji walio bora kuliko wakulima waliowakuta. Nadharia za namna hiyo zilitumika Ruanda-Urundi kuamua nani amezaliwa kutawala na nani amezaliwa kutawaliwa. Warundi, wanaosema lugha moja na kumwita Mungu kwa jina moja la Imana, wakaambiwa kwamba wao ni mataifa mbalimbali kwa damu. Gharama yake tumekwisha kuitaja. Ndiyo sababu baada ya uhuru vyuo vingi vya Afrika viliona afadhali sosholojia, na jina la anthropolojia likanuka. Okot p'Bitek wa Uganda, aliyelisoma somo hilo Oxford, alichukizwa na jinsi walimu wake walivyowasema Waafrika, akaja kuandika kitabu kizima cha kuwapinga wasomi wa namna hiyo. Kijana atakayekwenda chuoni na asome hayo yote, na asiyaruke.

Hatari ya pili yatuhusu sisi wenye sare kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaka 1930 Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikwenda kukaa na Wanuer, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, kwa ombi la serikali ya kikoloni, muda mfupi baada ya majeshi ya serikali kuwapiga watu hao. Wanuer hawakumwamini, maswali yake waliyajibu kwa maswali. Alipokuwa ameanza kuzoeleka kambini, alfajiri moja kikosi cha serikali kiliizingira kambi ile, kikawasaka manabii wawili waliohusika na uasi, kikachukua mateka. Yeye hakuwaita askari wale. Lakini nani angemsadiki? Haukupita muda akaondoka.

Marekani nao walijaribu njia yao. Mwaka 2007 jeshi lao lilianza mpango wa kuwaajiri wanaanthropolojia na wataalamu wenzao wafuatane na vikosi Iraki na Afghanistan. Mwaka huohuo chama cha wanaanthropolojia wa nchi hiyo kikaupinga, kwa hoja kwamba anayehojiwa mbele ya bunduki hana hiari, na kwamba hajui kama habari anazozitoa zitatumika kumsaidia au kumlenga. Watafiti watatu wa mpango ule waliuawa, na mwaka 2014 ukafungwa.

Basi tunalosema ni hili. Askari aende chuoni, asome anthropolojia, na serikali imsaidie. Lakini aendapo, aende kama mwanafunzi. Katika utafiti wake asivae sare, wala asifiche kwamba yeye ni askari, kwa maana mwenye nyumba ana haki ya kujua ni nani ameketi jikoni kwake. Asifanyie utafiti mahali alikopangiwa kazi. Na daftari lake lisidaiwe na mkubwa wake awaye yote. Likae chuoni, chini ya msimamizi wake wa masomo, na jambo hilo liandikwe katika barua ya ruhusa kabla hajafunga sanduku lake.

Ofisa mmoja mwenzetu, mtu wa busara, alituambia waziwazi kwamba kama serikali inalipa karo, daftari ni mali ya serikali. Twamheshimu, lakini hesabu yake ina kasoro. Daftari likiletwa mezani kwetu mara moja, tutapata kurasa kadhaa zenye majina. Baada ya hapo, kutoka Minago hadi Kigwena, hakuna mama atakayemkaribisha mwanafunzi mwingine, awe askari au raia, na sisi tutabaki na zile "ndiyo" zetu za mkutanoni. Zaidi ya hayo, hapa ni mwambao ambako watu walichukuliwa mwaka 1972 kwa orodha za majina. Orodha mkononi mwa askari si karatasi tu kwa mtu ambaye baba yake aliitwa kutoka katika orodha na hakurudi.

Mwenzetu yule aliuliza tena: je, mwanafunzi huyo akisikia kwamba mtu atauawa usiku huu, naye atafunga mdomo kwa sababu ya daftari? Hapana. Maisha ya mtu yakiwa hatarini aseme, kama daktari asemavyo, na watu atakaoishi nao awaambie hivyo tangu siku ya kwanza, ili asimdanganye mtu. Mpaka huo si rahisi kuulinda. Kuna siku atakosea, ama kwa kusema mapema ama kwa kuchelewa, na sisi hatuna kanuni ya kumwondolea mzigo huo.

Habari za karo, na za nani atashika zamu yake kwa miaka hiyo, ni za wenye mafungu ya fedha, wala hatuzidharau. Tunasema tu kwamba vyombo vyetu hupeleka vijana kusomea uhandisi na udaktari bila kuuliza nani atalinda lindo lao. Akirudi, kazi haitakosekana: kuwafundisha makuruta, kuwaandaa wanaokwenda ng'ambo, na kukaa kando ya kamanda siku ya kesi ya shamba ili amnong'oneze kwamba mzee bado hajamaliza kusema.

Tulipokuwa tukimalizia makala hii tulimpigia simu kijana yule. Alifurahi, kisha akatuuliza jingine. Alitaka kujua, ikiwa mwishoni atatakiwa kukaa majuma kadhaa na watu wa mahali fulani na kuwaandika, aende kwa nani. Kwa maana kwao ni Nyanza-Lac, nusu ya ukoo wake uko Kigoma, wa kule humwita Mrundi na wa huku humwita Mswahili, naye tangu utotoni hajapata kujua wapi pa kuanzia. Tumemwambia aanzie hapo.